Kutatua Mlinganyo wa Vitendakazi kwa Kiswahili: Uhakiki wa Istilahi na wa Sarufi Inayozibeba

1.0 Utangulizi

Mjadala juu ya uwezo wa Kiswahili kubeba sayansi umekwisha kuwa mzee. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) lilipoundwa nchini Tanzania mwaka 1967, na hasa tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, swali limekuwa likiulizwa kwa sura ileile: Je, maneno yapo? Makala hii inadai kwamba swali hilo, ingawa ni la haki, halitoshi. Hisabati haijengwi kwa nomino peke yake. Hujengwa pia kwa viambishi, vibainishi na viunganishi, yaani kwa vile vitu vidogo ambavyo waundaji wa istilahi huvipita bila kuvitazama, kwa kuwa havionekani katika orodha za kamusi.

Ili kuipima hoja hii tumechagua tawi moja la hisabati ambalo lina alama chache na maneno mengi: utatuzi wa milinganyo ambayo kisichojulikana ndani yake si namba bali ni kitendakazi. Waandishi wa Kifaransa huiita équation fonctionnelle. Tawi hili linafaa kwa sababu mwanafunzi anayelishughulikia hana fomula ya kukariri. Hutegemea kusoma sentensi moja kwa makini na kutoa kutoka humo kila kinachoweza kutolewa. Kwa hiyo kasoro ya lugha hugeuka mara moja kuwa kasoro ya hesabu.

Tunaandika tukiwa kusini mwa Maniema, ambako Kiswahili hakikuja na shule. Kasongo ilikuwa mji wa biashara wa Waswahili na Waarabu katika enzi ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, hadi ilipotekwa na majeshi ya Dola Huru la Kongo mwaka 1893. Kabambare ilikuwa kituo kwenye njia ya misafara iliyokwenda Ujiji. Basi kabla ya darasa la kwanza kufunguliwa, lugha hii ilikuwa imekwisha kutumika hapa kuhesabu mizigo, madeni na posho. Hata hivyo, leo mtoto wa Kizimba au wa Kibangubangu anayehesabu sokoni kwa Kiswahili huanza masomo kwa lugha ya taifa, kisha, kabla hajafika popote katika hesabu, hukabidhiwa Kifaransa. Atakapokutana na kitendakazi katika sekondari, atakutana nacho kwa Kifaransa tu. Hilo ndilo linaloyafanya mambo yafuatayo kuwa zaidi ya burudani ya wanaisimu.

2.0 Dhana yenyewe

Kitendakazi ni kanuni inayoipa kila namba inayopokelewa namba moja tu ya kutoka. Bei ya mchele ni mfano. Ukitaja kiasi, unapewa bei. Tuiandike bei ya kiasi x kuwa f(x). Sasa tuseme hatujui bei zenyewe, bali tunajua tabia moja tu ya muuzaji: kwamba anayenunua makopo mawili kwa pamoja hulipa sawasawa na anayeyanunua moja moja, na vivyo hivyo kwa kiasi chochote. Kwa alama:

f(x + y) = f(x) + f(y), kwa kila x na kila y.

Huu ndio mlinganyo ambao Augustin-Louis Cauchy aliuchambua katika kitabu chake cha mwaka 1821, nao umebaki kuwa mlango wa kuingilia tawi zima. Hauulizi "x ni ngapi?" Unauliza "f ni kanuni ipi?"

Yafaa ieleweke kwamba tabia hiyo si ya kila soko. Muuzaji anayepunguza bei kwa anayenunua gunia zima amekwisha kuivunja. Tuseme pia kwamba mnunuzi wa dhahabu huko Salamabila, katika Kabambare, hulipa gramu nzima tu na kuziacha sehemu zisizotimia. Mchimbaji akileta gramu 1.6 asubuhi na gramu 1.6 jioni, atalipwa gramu 1 mara mbili, jumla 2. Angezileta pamoja, gramu 3.2 zingelipwa kama gramu 3. Kanuni ya mnunuzi huyu si ya Cauchy, na tofauti iliyopo kati ya 2 na 3 imebaki mfukoni mwake. Kujua ni mlinganyo gani kanuni fulani inaukidhi, na upi haiukidhi, ni elimu ambayo faida yake haihitaji kutafutwa mbali.

3.0 Uhakiki wa istilahi

Upande wa istilahi, neno mlinganyo halina tatizo. Limetokana na kitenzi -linga, likapita katika kauli ya kutendana (-lingana) na ya kusababisha (-linganya), kisha likapata umbo la nomino. Ndani yake mna pande mbili zinazokabiliana na mtu anayezisawazisha. Equation ya Kifaransa inasema usawa tu. Mlinganyo unasema pia kwamba usawa ni jambo linalotendwa.

Tatizo liko kwenye fonction. Mfasiri anayeanza kazi hujikuta mbele ya maneno manne: kazi, uamilifu, fanksheni na kitendakazi. Tuyapime moja moja.

Kazi ni tafsiri sisisi, na udhaifu wake ni kwamba fizikia imekwisha kulichukua neno hilo kwa maana ya nguvu iliyozidishwa kwa umbali. Mwanafunzi huyohuyo, katika wiki hiyohiyo, atalisikia likiwa na maana mbili za kitaalamu.

Uamilifu tunaufahamu sisi wanaisimu, kwa kuwa tunautumia tunapojadili mtazamo unaoitazama lugha kwa matumizi yake. Kosa kubwa zaidi hutokea pale mtu anapotoka hapo kwenda kwenye kivumishi na kuandika "mlinganyo amilifu". Katika Kifaransa, fonctionnelle hapa haisemi kwamba mlinganyo unafanya kazi. Inasema kwamba kisichojulikana ndani yake ni kitendakazi. Msomaji wa Kiswahili atakapoona "mlinganyo amilifu" atadhani ipo milinganyo mingine iliyolala. Kivumishi kilichofasiriwa kwa umbo lake, badala ya kwa uhusiano kinaoueleza, ni mfano mzuri wa istilahi iliyo sahihi katika kamusi na potofu katika sentensi. Kiswahili kina njia yake ya kueleza uhusiano wa aina hii, nayo ni kihusishi -a: mlinganyo wa vitendakazi.

Fanksheni lina sifa ya umataifa, na hatulipingi kwa kuwa ni la kigeni; seti na fomula nayo ni ya kigeni na yamekaa vizuri. Tunalipinga kwa sababu ya ngeli yake, kama tutakavyoonyesha hivi punde.

Kitendakazi linaweza kulaumiwa kwa urefu: silabi tano dhidi ya mbili za Kifaransa. Lakini muundo wake ni wa kawaida kabisa. Kiambishi ki-, kitenzi na nomino ndivyo vilivyotupa kipimajoto, kipazasauti na kifunguakinywa. Msomaji ambaye hajawahi kuliona anaweza kulikisia: ni kitu kinachopokea jambo na kulifanyia kazi. Zaidi ya hayo, ki- huyo anafanya jambo ambalo waundaji wa istilahi hawakuwa wamelikusudia.

4.0 Ngeli kama alama za hisabati

Tuchukue sentensi ambayo hurudi katika kila utatuzi wa aina hii. Mwalimu wa Kifaransa husema: elle la vérifie. Nini kinathibitisha nini? Fonction ni ya kike, équation ni ya kike. Sentensi hiyo haina msaada wowote ndani yake, na ni muktadha tu unaoiokoa. Mwanafunzi hodari hatapotea. Yule ambaye bado anayumba katika Kifaransa atapotea, na hatajua kwamba amepotezwa na jinsia za maneno.

Kwa Kiswahili sentensi ni neno moja: kinaukidhi. Ki- ni kitendakazi, -u- ni mlinganyo. Haiwezekani kugeuza. Tukisema kinaipa, tunajua kitendakazi kinaipa namba kitu fulani. Tukisema linaukidhi, tunajua tunazungumza juu ya jibu. Dhana nne kuu za tawi hili zimeangukia ngeli nne tofauti: mlinganyo (u-), kitendakazi (ki-), jibu (li-) na namba (i-). Kwa hiyo viambishi vya upatanisho vinafanya kazi ileile inayofanywa na herufi f, x na y katika maandishi: vinatunza utambulisho wa kila kitu kutoka sentensi hadi sentensi. Hapo ndipo fanksheni linaposhindwa. Lingeingia katika ngeli ya namba, na "inaipa" ingetuacha palepale Kifaransa kilipotuacha.

Uadilifu unatudai tutaje mambo mawili yanayoipunguza sifa hii. La kwanza ni kwamba Kifaransa nacho kina silaha ambayo sisi hatuna. Vibainishi une na la hutofautisha kitendakazi kinachotajwa mara ya kwanza na kile kilichokwisha kutajwa. Kiswahili hakina kibainishi cha namna hiyo, na mwandishi asiyejihadhari kutumia hicho na kile atazua utata wake mwenyewe.

La pili ni zito zaidi, nalo linatuhusu sisi Wakongo. Kiswahili cha mazungumzo nchini Kongo kimepunguza upatanisho wa ngeli kwa viwango vinavyotofautiana kutoka eneo hadi eneo. Kile cha Kasongo na Kabambare mara nyingi hutajwa kuwa kiko karibu zaidi na cha pwani kuliko kile cha miji ya migodi ya kusini. Hata hivyo, asemaye "kitu yangu iko hapa" amekwisha kuitupa ile alama tuliyoisifu. Faida ya kinaukidhi ipo kwa yule tu ambaye masikio yake bado yanaisikia ki- na -u-. Kwa hiyo hoja yetu haiwezi kuishia kwenye madai kwamba hisabati ifundishwe kwa Kiswahili. Lazima iongeze kwamba somo la sarufi na somo la hesabu ni jirani, na kwamba mwalimu wa Kiswahili anayesahihisha upatanisho anamtayarishia njia mwenzake wa hisabati.

5.0 Mbinu za utatuzi na maneno yanayozibeba

5.1 Kupachika: yoyote na fulani

Mbinu ya kwanza ni kupachika namba teule mahali pa x na y. Katika mlinganyo wa Cauchy, tukiweka x = 0 na y = 0, tunapata f(0) = f(0) + f(0), yaani f(0) = 0. Tukiweka y = -x, tunapata f(-x) = -f(x). Mbinu yote hii inaruhusiwa na maneno matatu: kwa kila x. Mlinganyo umetolewa kwa namba yoyote, basi ni haki yetu kuchagua tunayoitaka.

Hapa Kiswahili kinatupa vibainishi vilivyo bora kuliko vinavyotumiwa. Namba zote lina utata: "namba zote zikijumlishwa" huzungumzia kundi, ilhali "namba zote zina kinyume" huzungumzia kila moja. Kila humlazimisha msomaji kuzitazama moja moja. Yoyote humpa ruhusa ya kuchagua. Fulani humwambia kwamba namba imekwisha kuchaguliwa, hata kama haijatajwa. Mwandishi wa vitabu anayeandika "namba zote" mahali pa "namba yoyote" hakosei kisarufi, lakini amemnyang'anya mwanafunzi ile ruhusa ambayo ndiyo mbinu yenyewe.

5.2 Kupanda ngazi

Mbinu ya pili ni kupanda kutoka namba rahisi kwenda ngumu. Tuiite bei ya kopo moja c, yaani f(1) = c. Kwa kujumlisha moja moja, bei ya makopo n ni nc. Bei ya nusu kopo nayo haina uhuru: nusu mbili hufanya kopo zima, basi f(1/2) lazima iwe nusu ya c. Kwa njia hiyohiyo sehemu yoyote, robo tatu au tano kwa saba, hupata bei yake. Hadi hapo f(x) = cx kwa kila namba inayoandikika kama sehemu.

Lakini namba kama kipeuo cha pili cha 2, yaani namba ambayo mraba wake ni 2, haiandikiki kama sehemu, na ngazi haifiki kwake. Cauchy aliongeza sharti: kitendakazi kiendelee bila kukatika. Kwa muuzaji wetu hata sharti dogo zaidi lingetosha, kwamba kiasi kikizidi bei isipungue. Pasipo sharti lolote la aina hiyo, Georg Hamel alionyesha mwaka 1905 kwamba vipo vitendakazi vingine vinavyoukidhi mlinganyo uleule, ambavyo mchoro wake umetawanyika katika bapa lote bila kuacha hata nafasi ndogo tupu. Jambo hili ni funzo kwa mfasiri pia. "Tuseme f haikatiki" si pambo la sentensi. Ukiliacha katika tafsiri, umebadilisha jibu.

Kutoka ngazi hii familia nzima hufunguka. Kitendakazi kinachogeuza jumla kuwa zao hutupa ukuaji wa kuzidisha, kama deni lenye riba juu ya riba. Kinachogeuza zao kuwa jumla hutupa logi. Kinachogeuza zao kuwa zao hutupa vipeo. Kitenzi -geuza kuwa kinaeleza milinganyo hii kwa uwazi ambao alama peke yake hazina.

5.3 Kulazimu na kutosha

Kwa mfano wa tatu tunachukua tatizo la kwanza la Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati ya mwaka 2019, iliyofanyika Bath, Uingereza. Pendekezo lake lilitoka Afrika Kusini. Linataka vitendakazi vyote, kutoka namba kamili kwenda namba kamili, vyenye sifa hii:

f(2a) + 2f(b) = f(f(a + b)), kwa kila a na kila b.

Tukiweka a = 0, tunapata f(0) + 2f(b) = f(f(b)). Kwa kuwa b ni yoyote, tunaweza kuweka a + b mahali pake: f(f(a + b)) = f(0) + 2f(a + b). Tukilinganisha na mlinganyo wa awali, tunapata f(2a) + 2f(b) = f(0) + 2f(a + b). Sasa tuweke a = 1 na kupanga upya: f(b + 1) - f(b) ni nusu ya tofauti kati ya f(2) na f(0). Upande huo wa pili hauna b ndani yake. Maana yake, kila hatua moja ya b huongeza kiasi kilekile, tukiite m. Basi f(x) = mx + c.

Wengi hukomea hapa, na hukomea kwa kosa. Tukirudisha umbo hilo katika mlinganyo, tunaona kwamba lazima 2m = m x m, na c(2 - m) = 0. Kwa hiyo ama m = 0 na c = 0, ama m = 2 na c ni namba kamili yoyote. Majibu ni f(x) = 0 na f(x) = 2x + c. Kitendakazi 5x + 1 kina umbo la mx + c, lakini hakiukidhi mlinganyo.

Kosa hili lina mzizi wa kilugha. Kiambishi -ki- na neno ikiwa hutumika kwa sharti na kwa wakati pia: "akija tutakula" husikika mara nyingi kama ahadi ya pande mbili, kwamba asipokuja hatutakula. Masikio yaliyozoea hivyo husikia "ikiwa f inaukidhi mlinganyo, basi ni ya umbo mx + c" na kuelewa pia kinyume chake. Dawa haiko mbali. Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo kila mkulima anavitumia: -lazimu na -tosha. Mvua yalazimu ili mpunga uote, lakini haitoshi. Tunapendekeza kila utatuzi uishie kwa sentensi mbili: "Imelazimu kitendakazi kiwe hivi" na "Inatosha kiwe hivi". Mwanafunzi asiyeweza kuiandika ya pili anajua mwenyewe kwamba hajamaliza.

Tazama pia safari ya herufi c. Katikati ya utatuzi, c ni fulani: ni namba ya kitendakazi kimoja ambacho hatujakijua. Katika jibu, c ni yoyote. Herufi haijabadilika, maana imebadilika, na alama za hisabati haziionyeshi tofauti hiyo. Kiswahili kinaionyesha, mradi mwandishi asilitumie neno moja mahali pa mawili.

6.0 Hitimisho

Kitenzi kutatua ni cha kauli ya kutendua, jamaa wa kufumbua, kufungua na kuchomoa. Kinachotatuliwa ni kilichotatana, mfano wa uzi. Hatuoni neno bora zaidi kwa tawi hili, kwa sababu hapa hakuna cha kukokotoa mwanzoni. Kuna fundo la kuligeuzageuza mpaka ncha ionekane.

Tumejaribu kuonyesha kwamba uhaba wa istilahi, ambao ndio hutajwa kila mara, ni sehemu ndogo ya tatizo. Neno moja, kitendakazi, pamoja na kihusishi -a, vimetosha kulifungua tawi zima. Sehemu kubwa iko katika kutumia kwa uangalifu kile ambacho sarufi imekwisha kutoa: ngeli, yoyote na fulani, -lazimu na -tosha. Huenda mtu akatuuliza faida ya haya yote ikiwa mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari utaendelea kuandikwa kwa Kifaransa. Jibu letu ni kwamba mtihani hupima kilichoeleweka, na mahali pa kuelewa ni lugha ambayo mtu huigombea bei. Mwanafunzi wa Kabambare aliyekwisha kutofautisha yoyote na fulani kwa Kiswahili ataitambua tofauti hiyo katika Kifaransa, hata ikivaa nguo nyingine. Asiyeitofautisha popote hatasaidiwa na lugha yoyote.

Kazi inayobaki ni ya vyuo. Kamusi za istilahi zitaendelea kuandikwa na zinahitajika. Lakini kando yake tunahitaji sarufi ndogo ya uthibitisho, kijitabu kitakachoeleza jinsi sentensi ya hisabati inavyojengwa kwa Kiswahili, pamoja na mifano iliyotatuliwa kikamilifu. Kiandikwe na mwanaisimu na mwanahisabati wakiwa wamekaa meza moja. La sivyo wa kwanza ataandika maneno yasiyohesabu, na wa pili hesabu zisizosomeka.